Kupiga honi ya upepo bila kuvuta kamba

Katika malori mengi ya miaka iliyopita, na katika baadhi ya yale yanayotoka kiwandani leo, honi ya upepo hupigwa kwa kamba inayoning'inia kwenye dari ya kebini. Kamba huvuta mkono wa vali, vali hufunguka, upepo wa tangi hukimbilia kwenye honi. Ukiachia, springi huirudisha vali na honi hunyamaza. Hakuna waya wala fyuzi, na ndiyo maana mtambo huu hudumu.

Kasoro yake ni kwamba unadai mkono mmoja uondoke kwenye usukani, tena mara nyingi wakati ule ule dereva anapouhitaji. Hivyo wenye malori hutaka kitufe karibu na usukani, swichi ya mguu, au rimoti ambayo utingo anaweza kuibonyeza akiwa nje wakati gari linarudi nyuma. Kazi huonekana rahisi hadi mtu aitazame vali yenyewe na kujiuliza: hiki ni chuma kilichotengenezwa kivutwe na mkono wa mtu, sasa umeme utakishika wapi?

Jibu langu ni kwamba usikishike kabisa. Vali ya mkono iachwe kama ilivyo, na kando yake ipitishwe njia ya pili ya upepo yenye vali yake ya umeme. Ila njia hiyo nayo ina mtego, na ili kuuona inabidi kwanza kufuata upepo unavyotembea.

Upepo mwingi, si mkali tu

Tangi la lori lenye breki za upepo kwa kawaida hubeba baa 7 hadi 9 hivi, yaani takriban paundi 100 hadi 130 kwa inchi ya mraba. Malori mengine huzidi hapo. Upepo huo ukifika kwenye honi hukutana na kiwambo chembamba cha chuma kilichobana mdomo wa tarumbeta. Unakisukuma, kinaachia mdomo, upepo unatoroka kupitia tarumbeta, mgandamizo unashuka, kiwambo kinarudi kubana. Mzunguko huo hujirudia mamia ya mara kwa sekunde, na urefu wa tarumbeta ndio unaoamua sauti: ndefu hutoa sauti nzito, fupi hutoa sauti kali.

Kwa hiyo honi ikilia inakunywa upepo mfululizo. Geji inaweza kuonyesha baa 8 kwenye tangi, lakini kama njiani kuna tundu dogo, mgandamizo unaofika kwenye kiwambo wakati upepo unatembea huwa mdogo zaidi, na honi hutoa sauti ya kukoroma au kuzomea tu. Mtu aliyefunga vali ya umeme kisha akaona honi imepoteza nguvu huanza kulaumu kompresa, wakati tatizo ni tundu la milimita mbili ndani ya vali aliyonunua.

Vali ya mkono yenyewe huja kwa aina mbili, na hapa ndipo mtego ulipo. Aina ya kwanza ina milango miwili, mmoja wa kuingizia upepo na mmoja wa kuutoa kwenda kwenye honi. Ikifungwa, njia imezibwa basi. Upepo uliobaki kwenye paipu huishia kupitia honi yenyewe. Aina ya pili ina mlango wa tatu unaotoka nje hewani. Hii ikifungwa hufanya mambo mawili kwa pamoja: huziba upepo wa tangi, na huiunganisha paipu ya honi na nje ili upepo uliobaki umwagike mara moja.

Vali nyingi za lori zina namba zilizochongwa kwenye milango kufuata utaratibu wa kimataifa wa mifumo ya breki za upepo: 1 ni upepo unapoingia, 2 ni unapotoka kwenda kazini, 3 ni unapomwagwa nje, 4 ni upepo wa kuamrisha. Ukiona 3, una vali ya aina ya pili. Kama namba zimefutika, fungua paipu inayoelekea kwenye honi baada ya kumwaga upepo wote, weka kipande safi cha paipu kwenye mlango ule ule wa vali, kisha puliza kwa mdomo huku vali imefungwa. Pumzi ikipita, kuna mahali inamwagika.

Kwa nini usiuvute ule mkono kwa mashine

Wazo la kwanza la karibu kila mtu ni kutafuta kitu cha kuvuta mkono wa vali badala ya kiganja. Si wazo la kijinga. Halikati paipu yoyote, halihitaji viungo vya upepo, na likishindikana unaling'oa. Lakini kila chombo kinachopatikana kwa kazi hiyo kina ugonjwa wake.

Solenoidi ya kuvuta, yaani koili inayomeza kijiti cha chuma, ina nguvu nyingi kijiti kikiwa karibu kufika ndani na nguvu kidogo sana kikiwa bado mbali. Nafasi ikiongezeka mara mbili, nguvu hupungua hadi karibu robo. Mkono wa vali unahitaji kuvutwa mwendo mrefu kiasi, na unahitaji nguvu tangu mwanzo kwa sababu springi na upepo vinaushikilia. Hivyo unalazimika kununua solenoidi kubwa, nzito, inayokula ampea nyingi na kupata moto ikishikiliwa.

Wengine huchukua mota ndogo zinazofunga na kufungua milango ya magari kwa rimoti. Zina mwendo wa kutosha, ni nyepesi, zipo kila mahali. Tatizo ni kwamba zimeundwa kwa pigo fupi la umeme, nusu sekunde hivi, si kwa kushikilia. Ukizidisha zinaungua, tena hazijirudishi zenyewe. Unategemea springi ya vali izivute nyuma pamoja na giya zake.

Mota ya skrubu, inayosogeza kijiti kwa kuzungusha skrubu, ina nguvu kupita mahitaji, ila nyingi husogea milimita 10 hadi 30 kwa sekunde. Honi itakayolia sekunde moja baada ya kubonyezwa haina kazi barabarani. Na kuna baya zaidi: ukikata umeme, mota ya skrubu hubaki pale pale ilipofika. Fyuzi ikiungua wakati honi inalia, honi inaendelea kulia. Hapo ndipo ninapoiondoa kwenye orodha bila mjadala, kwa sababu kwenye kazi hii kufungua vali ni jambo jepesi, na ugumu wote uko kwenye kuhakikisha inajifunga hata pale kila kitu kingine kinapoharibika.

Kuna njia moja ya kuvuta ambayo siidharau: waya wa kebo unaoteleza ndani ya ala yake, kama ule wa breki ya baiskeli. Unaweza kuuteremsha kutoka kwenye vali ya darini hadi karibu na kiti, ukafunga mkono mdogo au kanyagio. Si rimoti ya kweli, lakini hauna umeme, na unabaki na uwezo wa kuivuta vali kidogo kidogo. Dereva mwenye uzoefu anajua tofauti kati ya mguso mfupi wa salamu na mvuto kamili wa onyo. Vali ya umeme haijui hilo. Iko wazi au imefungwa.

Njia ya pili kando ya ile ya kwanza

Mpango wenyewe ni huu. Kabla ya vali ya mkono unakata paipu na kuweka kiungo cha T. Baada ya vali ya mkono, upande wa honi, unaweka T nyingine. Kati ya hizo mbili unapitisha paipu yenye vali ya umeme iliyofungwa kwa kawaida, ile inayofunguka tu koili inapopata umeme. Sasa honi inaweza kupata upepo kupitia mojawapo, na vali ya mkono haijui kama kuna jirani.

Kama vali ya mkono ni ya milango miwili, kazi ya upepo imekwisha. Kama ni ya milango mitatu, utabonyeza kitufe, upepo utapita kwenye vali ya umeme, utafika kwenye T ya pili, na badala ya kwenda wote kwenye honi, sehemu kubwa itarudi kinyumenyume kupitia vali ya mkono na kumwagika nje kwenye mlango wa 3. Utasikia mzomeo darini na honi dhaifu juu. Kuziba mlango wa 3 kwa boliti kunaweza kusaidia kwenye vali fulani, ila unabadilisha kifaa usichokijua ndani, na uchafu au maji yaliyokuwa yakitoka hapo yatabaki.

Dawa sahihi ni kuondoa ile T ya pili na kuweka vali ya gololi: kifaa kidogo chenye milango miwili ya kuingilia na mmoja wa kutokea, na ndani yake gololi au kisahani kinachosukumwa na upande wenye upepo mwingi hadi kiuzibe upande wa pili. Ukivuta kamba, gololi inaziba njia ya vali ya umeme. Ukibonyeza kitufe, inaziba njia ya vali ya mkono. Hii ni teknolojia ya kawaida kabisa kwenye breki za malori, ambako hutumika kuchagua upepo wa tangi moja kati ya mawili, kwa hiyo kifaa chenye ukubwa na uimara unaofaa hupatikana bila kuhangaika. Hakikisha tundu lake si jembamba kuliko paipu ya honi.

Vali ya umeme nayo inataka kuchaguliwa kwa macho. Zile ndogo ambazo koili inanyanyua moja kwa moja kizibo cha njia kuu huwa na matundu madogo, kwa sababu kadiri tundu linavyokuwa kubwa ndivyo upepo unavyokikandamiza kizibo na koili inavyoshindwa. Zile zinazotumia upepo wenyewe kusaidia hufanya ujanja: koili inafungua kitundu kidogo tu, mgandamizo juu ya kiwambo unashuka, na upepo wa chini unakinyanyua kiwambo na kufungua njia pana. Kwa koili ya wati 10 au zaidi kidogo unapata tundu la milimita 10 bila shida. Sharti lake ni kuwe na tofauti ya mgandamizo kati ya kuingia na kutoka, mara nyingi chini ya nusu baa, jambo ambalo kwenye honi lipo daima. Fuata mshale uliochorwa kwenye mwili wake. Ikifungwa kinyume haitaziba.

Iweke karibu na honi kadiri nafasi inavyoruhusu. Paipu ya mita 3 yenye kipenyo cha ndani cha milimita 4 ina ujazo wa sentimita za ujazo 38 hivi, na kwa baa 8 hiyo ni karibu theluthi moja ya lita ya hewa ya kawaida, ambayo lazima ijae kabla honi haijalia vizuri na itoke kabla haijanyamaza. Mkia huo wa sauti inayofifia baada ya kuachia kitufe hutokana na upepo uliofungiwa kati ya vali na honi.

Umeme

Hapa fundi umeme wa magari hahitaji kufundishwa, kwa hiyo nitapita haraka. Malori ya Marekani kwa kawaida ni ya volti 12, ya Ulaya na mengi makubwa ya Japani ni ya volti 24. Koili ya volti 12 ikipewa 24 inapokea wati mara nne ya ilizoundiwa na haidumu. Ya volti 24 ikipewa 12 inapata robo na huenda isinyanyue chochote. Koili ya wati 12 huvuta ampea 1 kwenye volti 12, na nusu ampea kwenye 24, mzigo mdogo ambao fyuzi ya ampea 5 inautosha. Fyuzi ikae karibu na chanzo cha umeme, kwa sababu kazi yake ni kulinda waya wote unaofuata.

Tumia rilei, yaani swichi inayofungwa na mkondo mdogo ili ipitishe mkubwa. Kwenye zile za kawaida za magari, ncha namba 30 hupokea umeme wa fyuzi, 87 huenda kwenye koili ya vali, 85 na 86 ni koili ya rilei yenyewe. Kitufe kidogo cha usukani au moduli ya rimoti ibebe mkondo wa rilei tu. Katika malori ya zamani kitufe cha honi hukamilisha njia ya kwenda kwenye bodi ya gari, upande wa hasi, kwa hiyo 86 ipewe umeme na 85 ifuate kitufe. Katika malori mapya kitufe hicho huzungumza na kompyuta kwa mkondo mdogo sana, na kukigawa waya kunaweza kuzua taa za hitilafu kwenye dashibodi. Huko ni heri kufunga kitufe chako mwenyewe, au kutumia tundu ambalo mtengenezaji ameliacha kwa ajili ya vifaa vya ziada.

Kitu kinachosahaulika ni diodi, kijifaa kinachopitisha umeme upande mmoja tu. Koili inapokatiwa umeme ghafla huzalisha pigo la volti linaloweza kufika mamia, la kinyume, na pigo hilo hula ncha za rilei na kuua vifaa vya elektroniki. Diodi ya aina ya 1N4007 ikiwekwa sambamba na koili, mstari uliochorwa juu yake ukielekea upande wa chanya, humaliza jambo hilo. Ikifungwa kinyume, fyuzi itakuambia mara moja.

Wapo wasiotaka umeme hata kidogo, hasa kwenye magari ya kubeba mafuta ambako kila waya wa ziada una masharti yake. Kwao ipo vali inayofunguliwa kwa upepo. Kanyagio dogo sakafuni hupeleka upepo kupitia paipu nyembamba hadi mlango wa 4 wa vali kubwa iliyo karibu na honi, na vali hiyo ndiyo inayopitisha upepo mwingi. Mguu ukiondoka, kanyagio linamwaga upepo wa amri na vali kubwa inajifunga kwa springi. Ni ghali zaidi kwa viungo, lakini ni safi.

Rimoti

Ukishakuwa na vali ya umeme, kuongeza rimoti ni kuongeza moduli ndogo inayofunga na kufungua rilei. Nyingi hutumia masafa ya megahezi 433.92 au 315, kutegemea nchi inaruhusu yapi. Moduli hizo huwa na namna tatu za kufanya kazi, na kuchagua vibaya ndiko kunakoharibu. Namna ya kwanza: honi inalia wakati kitufe kimebonyezwa tu. Ya pili: bonyeza mara moja iwake, bonyeza tena izime. Ya tatu: kitufe kimoja cha kuwasha, kingine cha kuzima. Kwa taa ya bustani zote zinafaa. Kwa honi ni ya kwanza peke yake, maana kwenye hizo mbili nyingine betri ya rimoti ikifa katikati, au mtu akitembea nje ya upeo wa mawimbi, hakuna amri ya kuzima itakayofika.

Wanaojitengenezea kwa kompyuta ndogo za bodi moja wana mtego wa ziada. Kifaa kinapowashwa, miguu yake, yaani ncha zinazotoa amri, hukaa sekunde kadhaa au vipande vya sekunde bila msimamo, na honi inaweza kupiga kelele kila unapogeuza ufunguo. Rezista ya kilo-ohmu 10 inayoshusha mguu kwenye hasi hutuliza miguu mingi, ingawa bodi nyingine zina miguu inayopanda yenyewe wakati wa kuamka, na hiyo usiitumie. Katika programu, usiandike "ukipokea amri, fungua, ukipokea nyingine, funga." Andika kwamba vali ibaki wazi maadamu ujumbe unaendelea kufika, na ukikosekana kwa robo sekunde ifungwe. Juu yake weka kikomo cha sekunde chache ambacho hakitegemei programu ile ile, kwa mfano rilei ya muda.

Kuhusu usalama wa mawimbi, rimoti za bei ya chini hutuma namba ile ile kila mara, na kifaa kingine kinaweza kuinasa na kuirudia. Zile zinazobadilisha namba kila bonyezo haziigiki kirahisi. Kwa honi, anayekuingilia hataiba lori, lakini anaweza kumaliza upepo wako usiku. Ndiyo maana napenda kuona mambo mawili kwenye kila mfumo wa aina hii: swichi inayokata umeme wote wa rimoti, na koki ndogo ya mkono kwenye paipu kabla ya vali ya umeme. Punje ya kutu ikikwama kwenye kizibo, hakuna swichi itakayokusaidia, koki itasaidia.

Simu kwa bluututhi? Inawezekana, na kwa maonyesho inapendeza. Lakini simu ifunguliwe, programu ifunguliwe, iungane, ndipo ubonyeze. Onyo barabarani halisubiri hayo.

Upepo ni wa breki kwanza

Honi na breki hunywa kutoka kwa kompresa moja. Katika malori yenye vali inayogawa upepo wa kompresa kwenye mizunguko minne, mizunguko inayotoka kwenye milango namba 21 na 22 ni ya breki za miguu, 23 ni ya breki ya kuegesha na trela, 24 ni ya vifaa vya ziada, na honi ni ya hapo. Katika mifumo mingine kuna vali ya ulinzi inayofunga njia ya vifaa vya ziada mgandamizo ukishuka chini ya kiwango fulani. Chukua upepo mahali honi ya kiwandani ilipokuwa ikiuchukua, baada ya ulinzi huo. Kuchomeka T kwenye paipu ya breki kwa sababu iko karibu ni kosa lisilo na udhuru: vali ya honi ikikwama wazi, breki zitakuwa zinapungua pamoja na sauti.

Kisheria pia rimoti isichukue nafasi ya honi ya kawaida ambayo gari linatakiwa kuwa nayo. Mkataba wa Vienna wa mwaka 1968 kuhusu usalama barabarani, katika kifungu chake cha 28, unataka honi itumike kuepusha ajali, au nje ya maeneo yenye makazi kumtahadharisha dereva unayetaka kumpita, na isirefushwe kuliko inavyohitajika. Kumpigia mpita njia honi ya upepo kutoka mita mbili kwa rimoti ili kuchekesha wenzako ni kumuumiza masikio.

Siku ya kazi, weka vizuizi kwenye magurudumu kabla ya kumwaga matangi, maana hali ya breki itabadilika mgandamizo unaposhuka. Ukimaliza, jaza upepo, paka maji ya sabuni kwenye kila kiungo. Kisha piga honi kwa kitufe na, ikiwa inalia, chomoa waya wa koili: inyamaze papo hapo. Rudia kwa kutoa betri ya rimoti huku mwenzako ameibonyeza. Mwisho soma geji, liache gari usiku kucha, usome tena asubuhi. Kama imeshuka kuliko ilivyokuwa ikishuka kabla ya kazi, anza kukagua kwenye zile paipu ulizozikata mwenyewe. Mkato uliopinda wa kisu butu huvuja hata kwenye kiungo kipya.